Kulungu Niliyemwekea Sahihi

Mimi ni mtu wa uhakika. Miaka yote niliyofanya biashara Guangzhou, mtu akiniambia mzigo utatoka Jumatano inshallah, nilimjibu papo hapo, "Inshallah ni ya Mungu, wewe nipe tarehe." Wafanyabiashara wenzangu wa Dar walinicheka, na mmoja wa Unguja aliniambia nitapata dhambi. Sikujali. Mwishoni mwa miaka ya tisini niliuziwa katoni mia mbili za viatu pale Zhanxi, kwenye maduka ya jumla jirani na stesheni ya treni, na nilipozifungua ghalani nikakuta vyote ni vya mguu wa kushoto. Vyote. Nilikaa juu ya katoni nikacheka mpaka wasukuma mikokoteni wakanisogelea kuangalia kama ni mzima.

Kicheko kilikwisha upesi, maana wiki ileile baba yangu alikuwa mgonjwa huko Utete, Rufiji. Aliyekuwa akimuuguza ni binti yangu. Alikwenda posta kunisubiri kwenye simu, nami nikamwambia, "Mwambie babu nakuja. Hiyo uhakika." Kisha nikabaki kumsaka muuza viatu, ambaye alikuwa amehama duka, mara naambiwa yuko jengo hili, mara lile. Baba akafa, akazikwa, mimi nimekaa kwenye ngazi za jengo nisilolijua nikisubiri mtu aniletee viatu vya mguu wa kulia. Sijapata namna ya kulisimulia hilo likapendeza.

Binti yangu alikuwa anakaribia miaka kumi na tano. Mama yake tuliachana mtoto akiwa mdogo, akaolewa Mtwara. Mimi nikaingia safarini, na malezi yote yakamwangukia baba yangu. Baba alikuwa mwindaji, mwenye gobore na kibali chake. Hakuwa na mjukuu mwingine wa kufuatana naye porini, basi akamchukua huyu. Watu wa Utete walisema mtoto wa kike na bunduki wapi na wapi. Baba akawajibu kwamba kanga hamuulizi mtu jinsia kabla hajaruka. Alimwahidi mjukuu wake kwamba akitimiza miaka kumi na tano watakwenda kutafuta mnyama mkubwa mwenye pembe. Akatimiza miaka hiyo mwezi mmoja baada ya mazishi.

Likizo ya Desemba nikamleta Guangzhou. Pale uwanja wa ndege wa Baiyun alinisalimu, "Shikamoo baba," nikaitika, "Marahaba, mama," kwa kuwa jina lake ni la mama yangu. Baada ya hapo kimya. Nikimwita aliitika "Abee," akaja, akasimama, akajibu alichoulizwa, akaondoka. Alifua nguo zangu bila kuombwa. Alikuwa na adabu ya mgeni, na hiyo iliniuma kuliko matusi. Nilitaka kitu kimoja tu: anisamehe, na likizo nyingine arudi kwangu kwa hiari yake.

Ndipo nikakumbuka ile ahadi ya babu yake.

Kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya tatu, alikuwapo laoban mmoja aliyetusafirishia mizigo ya ndege. Laoban ni bosi. Sote tulimwita hivyo na yeye alituita "rafiki," wote, bila kubagua. Pembeni mwa kazi ya mizigo alikuwa akipeleka wageni kuwinda kwenye milima ya kaskazini, usiku mzima kwa treni, mahali panapopatikana kulungu wa Kichina wenye madoa na pembe zenye matawi. Bunduki unapewa huko, na kiongozi wa kukutembeza. Nilipomwambia binti yangu, alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikasimama.

"Kulungu wa huko anakula nini?" akauliza.

Sikujua. Lakini lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike, na nilikwenda nalo kwa laoban kama mtu aliyebeba yai.

Kuanzia hapo nyumba ilipata sauti. Alichukua karatasi ya zamani ya mizigo akaandika nyuma yake maswali: upepo unatoka wapi asubuhi, maji ya kunywa ya wanyama yako upande gani, kiongozi anatembea mbele au nyuma. Nilimpeleka ofisini akayauliza mwenyewe, mimi nikitafsiri kwa Kiingereza changu cha sokoni. Lililomkalisha sana ni la kuchinja. Laoban alieleza kwamba mgeni akipiga, kiongozi humalizia kwa risasi ya pili, ndiyo desturi yao.

"Mwambie hapana," akasema binti yangu. "Nikishapiga, mtu asipige tena. Nitasoma bismillahi kabla sijafyatua, na nikimkuta hai nitamchinja. Kisu ninacho."

Alikuwa nacho kweli. Alikuja nacho kutoka Utete ndani ya sanduku lake, kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Kisu cha babu yake, mpini umelika. Laoban alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Mei wenti, rafiki, mei wenti," yaani hakuna shida, akaandika.

Tulikwenda Zhanxi kununua mabuti. Muuzaji alipotupatia jozi, nilikaa chini nikachunguza la kushoto, nikachunguza la kulia, nikayaweka sambamba sakafuni nikayatazama tena. Binti yangu akaanza kucheka. Alicheka akiwa amejishika mdomo kwa ncha ya ushungi, na muuzaji naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Kisha akajaribu koti la mabakamabaka ya kijeshi, nikamwambia, "Hilo livae hukuhuku, Dar polisi wakikuona nalo utalala ndani." Tuliporudi nyumbani alinionyesha jinsi babu yake alivyokuwa anapima upepo kwa majivu, akatumia unga wa ngano kwa kuwa majivu hatukuwa nayo, na jiko lote likawa jeupe. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Na woga wangu ndio ulioniponza. Nilianza kuwaza: je, tukienda tukamkosa? Usiku mzima kwenye treni, baridi, mabuti mapya, halafu turudi mikono mitupu? Nitakuwa nimemwahidi mara ya pili na kumvunjia mara ya pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikarudi kwa laoban peke yangu, bila kumwambia mtoto.

Nikafanya anavyofanya kila mnunuzi mwenye akili Zhanxi. Huko huchukui neno la mtu. Unachagua sampuli, unaifunga kwenye katoni, unaweka sahihi yako juu ya karatasi ya gundi, na mzigo ukija unaulinganisha na ile sampuli. Nikafungua albamu ya laoban nikachagua kulungu mmoja dume, madoa safi, pembe nzuri. "Nataka huyu," nikamwambia. "Si anayefanana naye. Huyu. Na uniandikie gerentii kwamba binti yangu atampata." Akasita kidogo, akasema mlimani gerentii ni meiyou, haipo. Nikafunga albamu, nikasimama kama mtu anayeondoka. Hiyo nayo ni mbinu ya Zhanxi. Akaniita kabla sijafika mlangoni. Akaandika, akapiga muhuri, nami nikaweka sahihi yangu kwenye kona ya picha, juu kidogo ya kwato za kulungu.

Nilishuka zile ngazi nikipiga mluzi.

Siku mbili kabla ya safari tulikwenda wote kuchukua tiketi. Laoban alitupokea kwa chai na tabasamu, akasema ana zawadi, akaingiza kanda kwenye mashine ya video. Kwenye televisheni tukaona ua wa seng'enge, na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akigonga ndoo kwa kijiti. Kutoka nyuma ya banda akaja kulungu wangu. Alikuja mbio, kama mbuzi aliyesikia pumba, akatia mdomo ndoo. Sikioni alikuwa na hereni nyekundu ya plastiki yenye namba. Yule mzee akamkuna shingoni.

"Sampuli ileile!" laoban akasema, akifurahia kazi yake. "Kila siku saa kumi anagongewa ndoo, anakuja. Binti anakaa kwenye kiti, mita ishirini, pa! Gerentii!" Akaweka mezani ile picha yenye sahihi yangu, na karatasi ya gerentii yenye muhuri.

Kiingereza chake binti yangu alikielewa chote, japo kukisema alikuwa anaona haya, na sahihi yangu alikuwa anaijua kutoka kwenye barua. Aliitazama muda mrefu.

"Baba," akasema, "huyu tutampigaje?"

"Kwa bunduki, mama. Si umesikia."

"Mnyama wa porini unapigwa naye chenga, humkamati, ndiyo maana tumeruhusiwa kumpiga kwa mbali kwa jina la Mungu. Huyu amekwisha kuja mkononi. Risasi haimhalalishi, ni kisu tu, kama mbuzi wa nyumbani. Babu alinifundisha hivyo, na chuoni nimesoma. Nikimpiga akafa, ni kibudu."

Mimi, kwa ujinga wangu, nikatafuta njia. Nikasema basi tutamkamata, tutamlaza kibla, atamchinja kwa kisu cha babu, na nyama itakuwa halali tupu.

"Kuchinja mfugo mtu hapandi treni usiku kucha," akajibu. Sauti ilikuwa ya chini, kwa kuwa alikuwa akisema na baba yake. Kisha akainama, akayasema yale aliyokuja nayo kutoka Utete. "Babu nilimwambia unakuja. Nilimwambia umesema uhakika. Kila gari lililosimama aliniambia, nenda katazame. Nikawa nakwenda. Hata siku ya mwisho nilikwenda."

Laoban alizima video. Hakuelewa neno, ila aliona nyuso zetu.

Nilitaka kusema habari za viatu. Mdomo ulikwisha funguka. Lakini nilimwona akiwa amesimama barabarani Utete anatazama gari, nikaona aibu ya kutaja viatu mbele yake. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikosa. Ningeweza kuja, sikuja." Nililia mbele ya laoban, mtu niliyekuwa nimebishana naye bei miaka mitatu bila kumwonyesha hata uchovu.

Binti yangu akavuta ile karatasi yenye muhuri, akaniuliza nyuma ya ule ua kuna nini. Nikamuuliza laoban. Akasema kuna mlima tu, hauna seng'enge, na kulungu wa pori wapo, ila hakuna anayeweza kukwambia utawaona.

"Basi huko," akasema binti yangu. "Tukikosa, tumekosa."

Nikachukua kalamu nikaifuta ile gerentii mwenyewe, mstari kwa mstari. Laoban alinishika mkono. "Rafiki, wewe kila siku gerentii, gerentii. Leo unafuta?" Nikamwambia mei wenti. Yule mwenye hereni nyekundu sikuuliza habari zake tena, ingawa nimemkumbuka mara nyingi.

Tulikaa mlimani siku tatu kwenye manyunyu na baridi iliyotuingia mifupani. Kiongozi wetu alikuwa yuleyule mzee wa ndoo, na kumbe mlimani alikuwa mtu mwingine kabisa, mwepesi, asiyevunja kijiti. Yeye na binti yangu walielewana bila lugha. Mmoja akirusha unga, mwingine anageuka. Tuliona nyayo. Tuliona mti uliokwanguliwa na pembe. Siku ya tatu tuliona kitu cheupe kikipita baina ya mianzi, mkia labda, na binti yangu akainua bunduki, akaitazama ile nafasi, akaishusha. Hakufyatua. Kisu kilirudi kwenye kanga yake kama kilivyotoka.

Lakini siku hizo tatu, tukiwa tumejibanza chini ya mti mmoja tukisubiri, alinisimulia mazishi ya baba. Kwa kunong'ona, kwa kuwa tulikuwa mawindoni. Nani aliosha, nani alishuka kaburini mahali pangu, mvua ilivyonyesha kidogo halafu ikaacha, nani alipika na wali ukaungua. Nilimuuliza na akanijibu. Nadhani ndipo nilipomzika baba yangu, pale, miguu ikiwa imekufa ganzi ndani ya mabuti ya Zhanxi.

Siku ya kuondoka, tukiwa kwenye foleni ya Baiyun, lile swali lilinijaa kifuani. Nilitaka aniambie Juni atakuja. Nilitaka aseme wiki gani, nikate tiketi, nilipie, nipate karatasi ya kushika. Nikasema, "Sasa mama, Juni..." nikakwama.

Alipanga vizuri ushungi wake, akanipa mkono wa kuaga, akaushikilia.

"Inshallah, baba," akasema.

Nikaitika, "Inshallah, mwanangu." Tarehe sikumuomba.