Mawe Mepesi ya Kaburi la Mama Gwakisa

Nakumbuka siku tuliyomchimbia kaburi Mama Gwakisa, kule kijijini kwetu Matwebe, nami nikafungua mdomo mahali ambapo mwenye akili angeshika jembe akanyamaza. Mwanangu, leo mimi ni mzee wa kanisa na mvi zangu, lakini siku ile nilikuwa kijana wa kidato cha nne niliyerudi likizo. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Langu lilikuwa na vitu viwili vitatu ndani, basi likavuma zaidi.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia mnavyogombana wanakwaya kwenye simu zenu. Wengine wanasema anayesoma habari za miamba chuo kikuu asifundishe watoto Jumapili. Wengine wanawacheka wenzao kwamba Biblia imewafunga macho. Sikuja kuamua nani kashinda. Nimekuja na aibu yangu mwenyewe.

Gwakisa alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe pamoja. Mama yake alikuwa mkunga, aliyefundishwa kazi katika hospitali ya misheni, na nusu ya watoto wa kijiji walipokelewa na mikono yake, mimi nikiwamo. Kaburi tulilichimba nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Gwakisa alikaa pembeni juu ya gogo la mgomba, anatutazama tu.

Tulianza na udongo mweusi, ule mzuri wa ndizi. Shimo lilipofika kiunoni tukakuta tabaka la mawe mepesi, haya tunayosugulia visigino, na chini yake udongo mweusi tena, una vipande vya mkaa. Nikaacha kuchimba.

"Mnaona?" nikasema kwa sauti. "Mlima ulilipuka. Huku chini ndiko kulikuwa juu, maelfu ya miaka iliyopita. Sasa zile siku sita za uumbaji anazohubiri mchungaji ziko wapi hapa?"

Jirani yetu Asajile, mlokole mkali, alikuwa nami shimoni. "Hayo ni mawe ya gharika ya Nuhu!" akafoka. "Shule imekuharibu. Toka humu, usitutilie laana."

Nikamjibu, naye akanijibu, mpaka tukasimama kifua kwa kifua ndani ya kaburi la mtu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ila nani angeniambia siku ile?

Ndipo Gwakisa akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mchungaji anatudanganya? Na lile alilosema jana, kwamba nitamwona mama tena, nalo ni uongo?"

Mwanangu, hapo nilipewa nafasi. Lakini Asajile alikuwa ananitazama, nami sikutaka kuonekana nimerudi nyuma. Nikasema, "Utaamua mwenyewe."

Gwakisa akasimama. "Basi mimi sitatupa udongo. Mkimaliza mfukie wenyewe." Akaingia ndani. Moyo unaniuma hata sasa ninapolitaja.

Aliyetusimamia alikuwa Mzee Tuntufye, ambaye alianza kuchimba makaburi kabla mimi sijazaliwa. Alitutoa shimoni wote wawili. Akaokota jiwe moja, akalifuta kwenye koti lake.

"Tata," akaniambia, maana kwetu hata kijana huitwa baba akionywa kwa upendo, "unadhani wewe ndiye wa kwanza kuyaona? Nachimba huku mpaka karibu na Tukuyu, nayakuta. Mwalimu wako kasema kweli, ni moto wa mlima." Asajile alitaka kuingilia, mzee akamwinulia mkono. "Nawe Asajile, Mungu hakukuomba umtetee kwa kufukuza watoto wake." Kisha akanigeukia tena. "Hiyo kweli yako hukuileta hapa kumsaidia mtu. Umeileta umpige nayo mtu, na imempata mfiwa."

Akaingia ndani kwa Gwakisa. Nikamfuata mpaka mlangoni. Nilidhani ataeleza habari za mlima. Hakuutaja.

"Mama yako alijua mtoto anavyokua tumboni?" akamuuliza.

"Alijua. Mwezi kwa mwezi. Alikuwa na kitabu chenye picha."

"Na mtoto akishazaliwa, alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema, Ndaga Kyala. Asante Mungu."

"Alikuwa anadanganya?"

"Hapana."

"Haya, njoo tumzike," mzee akasema, akamshika mkono.

Gwakisa alitupa udongo. Ila hakunitazama, na Jumapili mbili hakuonekana kanisani. Mzee Tuntufye akanituma: "Nenda. Usiende kushinda. Kamwambie usichokijua."

Nilimkuta mtoni anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia, "Gwakisa, yale mawe yanajua habari za mlima. Habari za mama yako hayazijui, na mimi sizijui. Naamini tu kwamba utamwona. Nisamehe."

Aliendelea kukata. Baadaye akasema, "Hilo ndilo ungesema siku ile."

"Ndiyo."

"Shika kamba, tufunge mzigo."

Jumapili iliyofuata tulikaa benchi moja. Na Asajile je? Tulibishana habari za Nuhu mpaka uzeeni, na kila Krismasi aliniletea mkungu wa ndizi.

Basi shika hili, mwanangu. Soma, wala usiogope unachokikuta chini ya ardhi, kwa kuwa mwenye ardhi hashtuki ukiichimba. Darasani nilijifunza mlima uliwakaje. Kwenye Biblia najifunza mlima ni wa nani, na mimi ni wa nani. Pale ninapoona havipatani, nasema sijui, naendelea kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Ndugu yako akisoma siku sita akazihesabu kwa saa, na wewe ukisoma vingine, mkaribishe mezani. Lakini kabla hujasema lililo kweli, tazama kwanza nani anakusikiliza, na siku hiyo amebeba nini.

Mungu akupe akili ya kuuliza na subira ya kungoja jibu. Na siku utakapomuumiza mtu kwa jambo ulilokuwa na haki nalo, akupe miguu ya kumfuata mapema, angali hai.