Chokaa Kwenye Shina la Mwasumini

Mimi hufundisha biolojia katika shule moja ya Tudor, na somo ninaloweza kulifundisha bila kufungua daftari ni lile la jinsi mmea unavyokunywa madini. Vinyweleo vya mizizi, maji yaliyoyeyusha chumvi za ardhini, mirija inayopandisha kila kitu hadi jani la juu kabisa. Nimelifundisha hata nikalichoka. Kwa hivyo sina pa kujificha katika haya ninayoyaeleza.

Nyumbani kwetu Kuze, hapa hapa kisiwani, kuna ua mdogo, na katika ua ule palikuwa na mwasumini wa mamangu. Sukari ilipompofusha, mambo mengi yalimtoka mikononi: kupika, kushona, kusoma msahafu. Vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, havikumtoka. Kila alasiri nilimchumia asumini kabla hazijapasuka, nikamwekea kwenye sinia pamoja na majani ya rehani, naye akazitunga kwa vidole tu, akinikaripia nikichuma iliyokwisha funguka. Wanawake wa mtaa walikuja kuchukua, wengine wana harusi, wengine wanataka tu kunukia kwa waume zao. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyombakia ambayo watu walimhitaji kwayo. Mwasumini ukifa, mama angekuwa mtu wa kulishwa na kuogeshwa, basi. Jambo hilo lilinitisha kuliko maradhi yenyewe.

Mwaka juzi majani yakaanza kugeuka manjano. Si yote. Ya chini yalibaki kijani. Yale machanga ya juu ndiyo yaliyotoka na rangi ya siagi, mishipa peke yake ikisalia kijani. Maua yakapungua. Sinia likawa linajaa nusu, halafu kiganja kimoja, halafu maua ya kuhesabu.

Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja aliniambia nizike misumari yenye kutu, nami nikaizika. Mimi, mwalimu! Mwanafunzi wangu angeliandika hilo kwenye mtihani ningemkata alama zote na kumwandikia maneno makali chini yake.

Mwishowe nilimpelekea jani mwalimu mwenzangu wa kilimo, mtu wa Kaloleni. Aliligeuza mara moja tu.

"Hili lina njaa ya chuma," akasema. "Kwani mnamwaga nini pale shinani?"

Nilitaka kusema maji. Nikaikumbuka ndoo ya chokaa.

Kwetu nyumba hupakwa chokaa kila Shaaban, ili Ramadhani isikute kuta chafu. Chokaa inayobaki ndooni haitupwi, humiminwa kwenye shina la mwasumini, ati mchwa wasipande. Bibi alifanya hivyo, mama akafanya, na tangu nuru imtoke mama nilifanya mimi, yeye akisimama mlangoni kusikiliza. "Mimina yote, mwanangu, usiionee choyo," angesema. Nami niliimimina yote.

Kisiwa hiki chenyewe kimekalia matumbawe, udongo wake una chokaa ya kutosha tangu kuumbwa. Sisi tukaiongeza mwaka baada ya mwaka. Chuma kimo humo, tena tele, lakini kwenye chokaa hakiyeyuki, na mzizi hauna meno. Kisichoyeyuka majini haukiwezi. Tena chuma kikishafika kwenye jani hakihami. Jani kuukuu haliwezi kuligawia jani changa hata likitaka. Yote haya nimeyaandika ubaoni mara nyingi, kisha nikarudi nyumbani na kushika ndoo.

Nilihangaika. Nilifukua chokaa iliyogandamana pale shinani, ngumu ya kupigiwa mtaimbo. Mwenzangu akaniletea gunia la udongo mwekundu wa kwao, tukaujaza upande mmoja wa shimo. Nikanunua dawa ya chuma kwenye duka la pembejeo, nikanyunyizia asubuhi na jioni. Wiki zikapita. Majani machanga yakawa meupe, yakakauka kingo, yakadondoka. Vikabaki vijiti.

Na kila alasiri mama aliketi mkekani, sinia mapajani. "Leo je?" "Bado, mama." Ikafika siku nikachoka kusema bado, nikamweleza kila kitu. Nilisema kwa ukali, kama niko darasani, maana nilikuwa naogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Aliyemimina ni mimi, mama."

"Ulimimina kwa kuwa nalikwambia." Akalisukuma sinia. "Ung'owe, mwanangu. Sikai na maiti uani mimi."

Nilimsihi angoje kidogo, lakini sikumsihi sana. Nami nilikuwa nimekwisha kata tamaa, na nilitaka maswali yale ya alasiri yakome. Nikashika shina kwa mikono miwili. Nilidhani litang'ang'ania. Mvuto wa pili tu likatoka.

Mizizi ya zamani ilikuwa myeusi, imevaa ganda la chokaa. Lakini upande wa udongo mwekundu kulikuwa na mingine, myembamba, myeupe, ncha zake mbichi. Ilikuwa mipya. Ilikuwa imeanza kunywa. Vinyweleo vyake vilibaki shimoni, vimekatika, na shina lisilo na jani hata moja halina cha kuoteshea vingine. Hilo nalo mimi hulifundisha. Hata hivyo nilisimama pale nimeushika, sijui niuweke wapi.

"Umetoka?" mama akauliza mlangoni.

"Umetoka."

"Ulikuwa ushakufa?"

"Kitambo, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaninyoshea mkono nimpeleke kitandani, na adhana ya alasiri ndiyo kwanza ilikuwa imekwisha.