Gorfa ya Maziwa Darasani

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Oldonyiro, nilishuka kwenye lori la mifugo nikiwa na viatu vya visigino. Kwetu Meru tuliambiwa mwalimu ni mavazi. Mwalimu mkuu alinitazama miguu akacheka. "Mwalimu, vumbi ya hapa haiheshimu cheti," akasema. Kisha akaniketisha anifundishe kuandika azimio la kazi, ule mpango wa masomo ya muhula mzima, ambao tangu hapo niliuandika hata nikiwa na homa.

Baada ya shule kadhaa nilihamishiwa Kiwanjani, mjini Isiolo. Mwaka wangu wa mwisho huko nilipaswa kufundisha mada ya maridhiano na jamii asilia. Nikachora chati ya kupendeza. Mwalimu mkuu, mama mkali asiyependa maneno mengi, akanirudishia.

"Chati ni safi, mwalimu. Na Gumato? Ataendelea kunywa uji peke yake?"

Gumato alikuwa Mwata pekee darasani. Wawata ni wawindaji na walina asali waliokuwa katika nchi hii kabla ya wafugaji. Wafugaji wa zamani hawakunywa nao chombo kimoja, kwa sababu Wawata walikula nyama ya porini. Basi msichana huyo alikuja na kopo lake la bati, akanywea uji kando ya tangi la maji. Hakuna aliyemtukana, ila hakuna aliyemsogelea. Nyanya yake alikuwa amechoka na hali hiyo, akatuma habari kwamba Ijumaa angekuja kumchukua, na masomo yangeishia hapo.

Tukamwomba Mzee Guyo, mwenyekiti wa wazazi na mfugaji wa Kiborana anayeheshimika, aje Ijumaa hiyo. Alikuja na gorfa, chombo cha maziwa kilichosukwa, akaomba radhi kwa maneno mazuri sana. Lakini wakati wa kunywa ulipofika, akatoa mfukoni kikombe cha plastiki ili ammiminie nyanya ya Gumato, aliyekuwa ameketi mbele yake, maziwa yake kando. Mazoea yana taabu. Nyanya alikiona kikombe, akamshika Gumato mkono, akainuka.

Hapo Kabale, mjukuu wa mzee, akatoka kwenye dawati lake.

"Babu, si umesema tulikosa? Sasa hiyo kikombe ni ya nini?"

Akaichukua gorfa kwa mikono miwili, akampa yule mama mzee. "Ako, anza wewe," akasema, akimwita bibi kwa Kiborana. Nyanya akanywa. Kabale akanywa baada yake, kisha akamnyooshea babu yake, midomo ikiwa myeupe kwa maziwa.

Mzee Guyo akavua kofia, akanywa. Sijapata kuona jambo kubwa namna ile likifanywa na mtu mfupi namna ile.

Nyanya akamwachia Gumato mkono. "Lete hilo kopo," akamwambia. "Kuku wangu hawana cha kunywea maji." Akaondoka nalo, Gumato akabaki darasani.

Siku hizi nimestaafu, nakaa Chechelesi. Walimu vijana huja kuniomba andalio la somo lile, nami huwaambia kuwa nililoandika halikutumika. Gumato yuko sekondari. Akija kunisalimia haulizi kikombe kiko wapi. Huchukua changu, na chai yangu ndani sijaimaliza.