Maji ya Mahari

Kwaa! Mlio mmoja tu, mkavu, kama mfupa mkubwa uliovunjwa gotini. Waliokuwa wamejilaza mchana ule katika kijiji cha Tinghami waliusikia kupita kuta za udongo, na wako mpaka leo wanaoukumbuka kuliko sauti za wazazi wao. Masuda binti Salem aliusikia kabla ya wote, maana jembe lilikuwa mikononi mwake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mpana wa mabega, aliyefiwa na mume wakati wa baridi. Mume wake, Bujumaa, alimwachia bustani iliyo chini ya nyumba yao, na alimwachia maji ya kuinywesha. Kwetu hivyo ni vitu viwili. Ardhi mbali, maji mbali. Mtu aweza kuuza kimoja akabaki na kingine, akarithi hiki na kunyimwa kile. Na ardhi isiyo na maji ni kaburi linalosubiri maiti.

Maji yetu hutoka mbali, chini ya mchanga, katika mfereji uliochimbwa na watu tuliokwisha kuwasahau majina. Yakifika kijijini hutokeza juani na kukutana na kitana. Kitana ni bamba la jiwe lililochongwa meno, na kila nafasi kati ya jino na jino ni haki ya nyumba fulani. Mwenye nafasi pana ana maji mengi, mwenye nafasi nyembamba ana machache. Kutoka hapo kila mkondo hushika njia yake mpaka kwenye birika la bustani. Birika hujaa polepole, na asubuhi mwenye bustani huchomoa kizibo cha matambara, mchanga ukanywa. Kitana hakiguswi. Mtoto akikichezea huchapwa na yeyote aliye karibu, hata mpita njia, na mama yake humshukuru aliyemchapa.

Kaddur, ndugu wa Bujumaa, alingoja eda iishe. Huo ndio uungwana aliokuwa nao, na hakuwa na mwingine. Siku Masuda alipovua nguo nyeupe za eda, Kaddur alikuja, akavua viatu, akaketi mkekani, akapewa chai.

"Shemeji," akasema, "bustani ni yako. Sina neno. Lakini maji yale ni ya baba yetu."

"Maji yale ni mahari yangu, Kaddur. Bujumaa alinipa mbele ya watu."

"Watu gani?"

"Baba yangu. Ami yako. Imamu aliyetuoza."

"Wote wako makaburini. Nenda kawaite."

Akacheka, akamaliza chai, akanyoosha glasi aongezwe. Masuda akainua buli la chai kutoka kwenye makaa, akammiminia miguuni.

Kilio cha Kaddur kilifika mpaka msikitini. Aliondoka akirukaruka, viatu mkononi, akitukana ukoo mzima wa Salem, waliozikwa na wasiozaliwa. Kesho yake mkondo wa Masuda ulikuwa mkavu. Alipopanda mpaka kwenye kitana aliona nafasi yake imepigiliwa jiwe, na juu ya jiwe imekandikwa chokaa.

Nao ndio mwezi ambao hata mijusi hutembea kwa vidole. Upepo wa kusini ulishaanza, ule usiomwachia mtu mate kinywani. Bustani ya Masuda ilikuwa na nyanya, biringanya, pilipili, maboga, tuta la mnanaa na safu ya mihina, vyote vikiwa vimejificha chini ya kivuli cha mitende kama watoto chini ya joho la baba. Siku ya kwanza bila maji, majani ya maboga yalilala. Siku zilizofuata hayakuamka.

Masuda alikwenda kuchokoa chokaa kwa kucha. Aliikwangua mpaka vidole vikatoka damu, na damu ikaingia katika maji ya wengine. Kaddur akamkuta pale, miguu bado ina malengelenge. Alivunja ufito wa kuti la mtende, akampiga nao mgongoni, shingoni, mikononi alipoinua mikono. Wanaume walikuwa wameketi kivulini hatua chache tu kutoka pale.

"Kaddur!" akaita Hamma, jirani wa bustani ya chini, mtu asiyeweza kukaa bila mzaha. "Unampiga mjane au unapura mtama?"

Wakacheka. Hakuinuka mtu. Masuda alizisikia zile sauti za kucheka zikimwingia kuliko ufito, na nyumbani, alipokuwa akijipaka mafuta, hakulia kwa ajili ya mgongo.

Akaanza kuteka kwenye kisima cha kunywa, ndoo baada ya ndoo. Lakini kwenye kisima kile hukaa Lalla Khaira, mama yake Kaddur na marehemu Bujumaa, mavyaa wa Masuda. Bibi kizee mwembamba kama mwiko, macho mazima, ulimi mzima, na fimbo ya mzeituni aliyoletewa na hujaji wa kaskazini.

"Unapeleka wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Nyumba yako inakunywa kama ngamia siku hizi? Maji haya ni ya makoo ya watu, si ya biringanya." Fimbo ikashuka kwenye ndoo. Ndoo ikapinduka. Fimbo ikarudi tena, safari hii kwenye kifundo cha mkono. "Na mwanangu umemuunguza miguu. Mshenzi wewe."

"Mwanao amenizibia maji."

"Wanaume wana mambo yao."

Basi Masuda akafanya kile wafanyacho wenye bustani wakati wa njaa ya maji: akachagua nani afe. Aliyaacha maboga. Kisha pilipili. Aliyang'oa kwa mikono yake ili mizizi isile unyevu wa wengine, akayatupia mbuzi, na mbuzi walipoyatafuna alitazama pembeni. Maji ya kuoshea vyombo akayapeleka kwenye nyanya. Maji ya udhu akayakinga kwenye bakuli, akayamwagia machipukizi ya mtende, yale aliyoyapandikiza Bujumaa mwaka wake wa mwisho na ambayo usiku wa homa aliyaulizia kuliko alivyouliza dawa. Nayo yakaanza kunyauka ncha. Rangi ya majivu ikawa inashuka kila siku, kutoka nchani kuelekea moyoni. Ikifika moyoni, mtende hauna dawa.

Ndipo mchana mmoja, kijiji kikiwa kimelala na hata jogoo amenyamaza, akachukua jembe.

Alitaka kulipiga lile jiwe la Kaddur tu. Aliapa hivyo baadaye na mimi ninamwamini. Lakini jua lilikuwa kichwani, jasho machoni, na mikononi mwake zilikuwamo fimbo na fito na vicheko vyote vile. Pigo likapita jiwe. Likaingia kwenye kitana chenyewe. Kwaa.

Ufa ukakimbia kutoka jino hadi jino. Kisha kipande kizima, meno kwa meno, kikaanguka, na maji ya kijiji chote, yaliyokuwa yamegawanywa na mababu kwa upana wa vidole, yakajikusanya kuwa kijito kimoja cha kihuni. Yakaruka mifereji, yakatelemka kwenye njia ya punda, yakaenda zake kwenye bonde la chumvi ambako hakuoti kitu.

Wanaume walitoka wakikimbia, wengine bila vilemba. Kaddur alifika wa kwanza. Alimnyang'anya Masuda jembe, akaligeuza, akampiga kwa mpini. Mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Akauinua mpini tena, na safari ile angempasua kichwa, lakini Hamma akamkumbatia kwa nyuma.

"Basi! Basi, utaua!"

"Niache niue! Amekiua kitana!"

Hamma alimshika mpaka alipotulia. Kisha akamgeukia Masuda aliyekuwa amekaa kwenye matope, akachota tope kiganjani, akambandika usoni.

"Mimi sikukufanyia kitu," akasema, na hapakuwa na mzaha hata chembe. "Vitunguu vyangu vilikufanya nini?"

Hilo ndilo neno lililomuuma. Maana ni kweli.

Kuchonga kitana kipya si kazi ya siku moja. Jiwe lililetwa kwa punda kutoka genge la mbali. Siku zote hizo watu walijaribu kuyaongoza maji kwa matope na makuti, kila mmoja akivuta upande wake. Ndugu wawili waliokuwa wakila sahani moja walipigana kwa makoleo, mmoja akapasuka utosi. Punda wa mtu alikatwa mguu kwa sababu alikanyaga kingo. Vitunguu vya Hamma vikawa karatasi. Na kila aliyepita mlangoni pa Masuda alitema mate. Aliyemfunga mkono kwa vijiti vya mtende alikuwa bibi mmoja kipofu, na yeye alimwambia waziwazi, "Ningekuwa na macho, nisingekuja."

Siku jiwe lilipokuwa tayari kuchongwa, kijiji kizima kilikusanyika. Desturi yetu ni hii: kabla mpima maji hajaweka alama ya nafasi, mwenye nafasi huingia mkondoni peku, maji yakimgusa, na kutaja haki yake. Mwenye kumpinga hupinga pale pale. Aliyesimama majini akasema uongo, au shahidi aliyejua akanyamaza, husemwa kwamba atakufa na kiu hata akiwa amelala kisimani. Mpima maji, Barka, alikuwa mtu wa hasira za karibu, sauti imekauka kwa tumbaku, na bamba lake la shaba lenye matundu ya kupimia maji limening'inia kiunoni kama upanga.

"Kaddur wa Ahmadi!"

Kaddur akaingia. "Haki yangu, na haki ya ndugu yangu marehemu. Zote zangu."

"Nani anapinga?"

Masuda akaingia majini, mkono umefungwa kifuani. "Ya Bujumaa ni mahari yangu."

Watu wakaguna. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mvunja kitana hana maji!"

"Kimya!" akafoka Barka. "Shahidi yako nani?"

"Wamekufa."

"Wafu siwezi kuwapima. Una aliye hai?"

Masuda akawatazama mmoja mmoja. Walikuwapo waliokula wali wa harusi yake. Hamma akainamisha uso. Maji yalikuwa baridi vifundoni mwake, baridi ya chini ya ardhi, na aliwaza machipukizi kule chini na majivu yao yanayoshuka. Barka akainua patasi aichonge nafasi ile kwa jina la Kaddur.

"Ngoja, we Barka. Mkono wako una haraka kama wa mwizi."

Ni Lalla Khaira. Alikuja akipasua watu kwa fimbo, akakanyaga majini na viatu vyake, akakumbuka, akavivua, akavitupa kando.

"Mwanamke huyu simpendi," akasema. "Chai yake kama mkojo wa punda. Kuskusi yake tangu aolewe haijaiva. Lakini siku ya posa nilikuwa nyuma ya pazia, na Bujumaa alisema kwa kinywa chake: maji yangu ni mahari yake. Nilichukia mno siku ile. Ndiyo maana nakumbuka."

"Mama!" Kaddur alikuwa amebadilika rangi. "Mama, rudi nyumbani. Umezeeka, unachanganya."

"Nimezeeka, ndiyo. Nitakufa lini? Mwaka huu? Mwakani? Unataka nifike kule na kiu kwa sababu yako?"

Baadhi wakacheka. Pengine ni kicheko kile. Kaddur akamsukuma. Hakumsukuma kwa nguvu sana, lakini alikuwa ajuza wa mifupa mitupu, akaanguka chali majini, kichwa kikagonga ukingo, shungi likaelea peke yake.

Hapo hapakuwa tena na mtu wa kuuliza haki ya nani. Walimwangukia Kaddur wote kwa pamoja. Ngumi, mateke, viatu. Hamma alimpiga kwa ajili ya ajuza, na kwa ajili ya vitunguu, na huenda kwa ajili ya ule mzaha wake mwenyewe wa kupura mtama. Alipotoka chini yao Kaddur alikuwa na jicho moja lililofumba na mdomo umejaa damu. Alikwenda zake akipepesuka, hakuna aliyemfuata. Barka akachonga.

Hakuna aliyemfuata, na hilo lilikuwa kosa. Watu walipokuwa wakimwinua Lalla Khaira na kushangilia maji yakipita kwenye meno mapya, Kaddur alikuwa ndani ya bustani ya Masuda na mundu. Alikata nyanya, akakata biringanya, akafyeka mihina mpaka chini. Machipukizi ya mtende aliyapasua moyoni, moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayechinja kwa ajili ya sikukuu. Kisha akaufunga mzigo wake, akapanda lori la kwenda mjini, na Tinghami haikumwona tena.

Masuda aliyakuta hivyo jioni. Aliketi katikati ya majani yaliyokatwa, akachukua moyo wa chipukizi moja, mweupe, laini, bado una utomvu. Akaula. Kwetu moyo wa mtende hautupwi. Ulikuwa mtamu, na hapo ndipo alipolia.

Asubuhi birika lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji safi yametulia, na chini yake hapakuwa na cha kunyweshwa isipokuwa mitende mikubwa, mnanaa uliofichwa na kivuli chake na vigutu vya mihina. Alipiga magoti kwenye kizibo. Mkono wa kushoto peke yake haukuweza kukichomoa. Matambara yalikuwa yamevimba, na kila akivuta mfupa wa mkono mwingine ulimlilia. Akavuta tena. Akasikia fimbo ikigonga mchanga nyuma yake.

Lalla Khaira alisimama pale, kichwa kimefungwa kitambaa, kiuno kimepinda upande. Aliitazama bustani kwa muda mrefu, yote, mpaka kwenye kitalu cha machipukizi ya mwanawe aliyekufa, yaliyopasuliwa na mwanawe aliye hai. Midomo yake ilicheza, tusi halikutoka.

Masuda alisogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupiga magoti kando yake.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo hata mnanaa usingeisikia, "nisaidie kuvuta."