Nilisema "Mwenye Nyumba Ana Shida", Aliyefukuzwa ni Shangazi

Admin, nifichie jina na picha, nakuomba. Mji sina namna ya kuuficha, kwa sababu kisa chenyewe kimetokea Njombe na Makambako, na huku kwetu ukipiga chafya sokoni, jioni unapewa pole kanisani.

Nina miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, dalali wa nyumba na viwanja. Najua mkisikia dalali mnashika mifuko, lakini ndiyo kazi inayonilisha, na nilikuwa najisifu kwamba mimi siyo kama wale wengine. Ofisi yangu ni simu. Nyumba ikija napiga video, naweka status, naongea maneno matamu, wateja wanapiga. Na katika maneno yetu lipo moja halikosekani: "Mwenye nyumba ana shida." Mteja akisikia hivyo anajua bei itashuka, anakuja mbio. Mara nyingi hakuna shida yoyote. Ni chambo tu.

Miezi michache iliyopita aliniita mama mmoja wa kanisani kwetu, nitamwita Mama Tumaini. Mume wake alikuwa mwalimu mkuu, amefundisha watu wengi wa mji huu, mimi nikiwemo. Mwalimu alipata kiharusi. Akili iko timamu, ila upande mmoja wa mwili hauna nguvu na ulimi ni mzito. Wana nyumba ya kupangisha Makambako, na mama hawezi tena kumwacha mgonjwa akafukuzane na wapangaji. Wakakubaliana wote wawili kuiuza. Chakula wanacho, dawa wanazo. Shida hawana.

"Mwanangu," aliniambia, "Mwalimu amekubali kwa sharti moja, watu wasijue mpaka tumalize. Unamjua alivyo. Nimemwambia wifi yangu na wewe, basi."

Huyo wifi yake ni dada mkubwa wa Mwalimu, mimi namwita shangazi. Mdogo wake alipougua aliacha shamba lake Matembwe akaja kuhamia kwao. Ndiye aliyekuwa anamnyanyua, anamwogesha, anamlisha uji huku anamtania mpaka mgonjwa anacheka. Ni mtu wa maneno mengi, hilo kila mtu analijua. Mimi nikamwambia mama, "Hili nimelimeza."

Kesho yake nikaenda Makambako. Nyumba nzuri, geti la bluu, mparachichi uani. Nikarekodi. Ningependa kuwaambia nilisahau, lakini sikusahau. Nilijiambia status yangu wanaangalia wateja tu, na jina sijataja. Nikatoa sauti yangu ya biashara: "Mjengo huu hapa jamani! Mwenye nyumba ana shida, ana mgonjwa ndani, njoo na ofa yako!" Mchana mtu mmoja akaniandikia, "Hii si ya Mwalimu?" Nikafuta haraka, nikajiona nimewahi.

Sikuwa nimewahi. Wiki ile ile akina mama wa kanisani wakaja kwa Mwalimu na debe la mahindi, sukari na sabuni. Nilikuwepo, nimepeleka habari za mteja. Kiongozi wao akamsalimu kwa kilugha, akasema kwa upole kabisa, "Kamwene, Mwalimu. Tumesikia mna shida, mpaka mnauza nyumba mpate dawa. Tukaona tusikae kimya." Neno langu lile lile, limerudi limenenepa. Mwalimu, aliyekuwa akiwanunulia watoto wa wenzake madaftari, akageuza uso ukutani. Hakuwaaga walipoondoka.

Mama Tumaini akamgeukia wifi yake. "Aliyejua ni wewe na huyu binti. Huyu ni kazi yake, atajiharibia vipi? Ni wewe na huo mdomo! Kesho urudi kwako!"

Shangazi akasema, "Wifi, mdomo ninao, sikatai. Ya kuku nasema, ya mchungaji nasema. Lakini ya mdogo wangu nikayaseme kwa nani?" Kisha akaniangalia mimi. "Mwanangu, si unisemee?"

Nikaangalia viatu vyangu. Jamani, mtu mzima mimi, nikaangalia viatu.

Asubuhi shangazi akabeba kikapu chake akapanda gari la Matembwe. Nyumba nayo imeshauzwa, kwa bei nzuri tu. Kinachonimaliza ni kwamba Mama Tumaini ananisifia. Anawaambia wenzake, "Ukiwa na jambo lako la siri mpe yule binti, anajua kufunga mdomo." Wameanza kuniletea kazi kwa sifa hiyo, juzi kanipigia mzee mmoja hadi kutoka Ludewa. Naitikia "asante mama" huku naona aibu mpaka kwenye masikio. Nikisema ukweli jina langu limekwisha, na dalali bila jina anakula nini?

Jumamosi iliyopita mama aliniomba nikamsaidie kumnyanyua Mwalimu, mgongo unamuuma na sasa yuko peke yake. Mimi nikashika kwapani, yeye miguuni. Mwalimu akasema kwa ule ulimi mzito, "Dada." Nikaitika, "Abee, Mwalimu," nikijua ananiita mimi.

Mama akamnyoosha miguu. Halafu akasema, "Anamwita dada yake. Kila nikimnyanyua anamwita."

Na shangazi hunipigia simu kutoka Matembwe. Wala hanilaumu. Anauliza tu kama mdogo wake anakula, na mimi namjibu anakula, shangazi, usijali.

Nitukaneni, nimestahili, ila mkimaliza mnishauri. Nianze kwa mama au kwa shangazi? Na Mwalimu nitamtazama vipi? Jumamosi hii nimeombwa tena nikamnyanyue, na najua ataita. Nishaurini kabla haijafika, nifanye nini?