Pamba Iliyolowa

Mimi kukaa siwezi. Mama watoto anasemaga nilizaliwa na siafu miguuni, na sijawahi kumbishia. Kwa hiyo kinu cha pamba kule Bunda kilipopunguza watu na mimi nikawa mmoja wao, mvi zimeshafika kwenye nyusi, balaa halikuwa njaa. Nyumba tulikuwa tumeshajenga Kigera, hapa Musoma, na yeye ana biashara yake ya dagaa pale Nyakato. Balaa lilikuwa asubuhi. Naamka kabla ya jogoo, naoga, navaa shati la kazini, halafu sina pa kwenda.

Nikawa natembea tu. Nashuka sokoni, nazunguka, narudi, nahamisha viti, naondoka tena. Nilirekebisha mlango ambao haukuwa na shida yoyote mpaka ukawa nayo. Mdogo wangu, aliyebaki na ng'ombe za nyumbani Butiama, akanipigia simu. "Kaka, njoo huku ukae na ng'ombe zangu. Kazi yenyewe ni kuangalia tu." Kuangalia tu! Yaani mimi niliyemfundisha kushika fimbo, jioni aniulize kama ng'ombe zake zimerudi zote? Nikamwambia nitafikiria. Mama watoto alinitazama tu, akarudi kwenye dagaa zake. Alijua nimeogopa.

Siku moja miguu ikanifikisha ufukweni, wanakotengeneza mitumbwi. Mimi mtoto wa ng'ombe, ziwa naliheshimu nikiwa mbali, na kuogelea sijui. Fundi mmoja, rika la kitinda mimba wangu, alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa mtumbwi mpya. Alikuwa na nyundo na patasi butu, anashindilia kitu kwenye nyufa za mbao. Nikasogea. Mama yangu, pamba!

Miaka yangu yote kinuni nilikuwaga napokea pamba. Natumbukiza mkono kwenye gunia la mkulima, nasema daraja la kwanza, daraja la pili, au rudi nayo kwako, umeinyunyizia maji ili iwe nzito. Ilikokwenda baada ya pale sikuwahi kujiuliza. Nguo, basi. Kumbe kipande chake kinazuia ziwa lote hili lisiwaingilie watu! Nilisimama pale moyo unanidunda kama nimeona mchumba.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza. Hata salamu nilisahau.

"Shikamoo, mzee. Kwenye godoro la zamani."

"Godoro! Pamba hii ilishakufa, fundi. Nitakuletea pamba."

"Kwani unauza?"

"Siuzi. Nataka kuifanya hiyo kazi."

Akacheka. Nikakasirika, naye akazidi kucheka. Kesho yake nikaenda Bunda kuifuata pamba safi, nikamletea, nikakaa pale namtazama mikono. Siku iliyofuata nikawepo, na nyingine, mpaka akachoka kunifukuza. Mwisho akasema atanipa mtumbwi mmoja. Mbao zimeshapigwa, mimi nizibe nyufa zote. "Usipovuja, tunafanya kazi pamoja. Ukivuja, mzee wangu, tusisumbuane tena."

Nyumbani nikamweleza mama watoto, aliyekulia kwenye maji upande wa Suguti, anaogelea kama kenge. Alikuwa anapeta dagaa zake.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Wewe ulishakauka, baba. Ukikunjwa utavunjika."

"Ng'ombe hazeeki maini."

"Haya, maini! Mtumbwi mmoja tu. Ukishindwa, unaenda Butiama kwa mdogo wako, maana hapa umeshanichosha na viti vyangu."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Kazi ile ilininyoosha. Unasokota pamba iwe kamba, unailaza kwenye ufa, unaigonga taratibu ikae. Ukigonga kwa hasira inakatika, na mimi hasira ninayo. Magoti yalivimba, vidole vikachubuka, lakini nilikuwa nalala usiku, jambo nililokuwa nimelisahau. Nilipomaliza, fundi akapitisha kidole kwenye kila ufa, akaguna. Tukausukuma mtumbwi kwenye kina kifupi, tukaufunga kwenye jiwe. Akanieleza kwamba mtumbwi mpya lazima ulale majini kwanza, maji yaingie, mbao zinywe na kuvimba mpaka zibane nyufa, ndipo ukauke na kupakwa rangi. "Uache. Usiuguse." Nikasema nimesikia.

Kusikia nilisikia. Ila Jumapili mama watoto alipoenda kanisani, mimi nikajiambia nipite tu nichungulie. Nikakuta maji yamejaa ndani mpaka juu ya kifundo cha mguu, na pamba yangu, ile nyeupe ya daraja la kwanza, imekuwa nyeusi, inachuruzika. Sijui kilichonipata. Yaani nilichopigana nacho maisha yangu yote ni pamba iliyolowa! Nilishawarudisha watu na mikokoteni yao kwa sababu yake. Nikaingia majini na shati langu, nikaanza kuichomoa. Ufa mmoja, ufa mwingine, nikaianika yote juu ya mawe ikauke. Watu wanatoka kanisani, mtumbwi umezama mpaka umekaa chini, na mimi niko katikati ya pamba yangu nageuza upande wa pili.

Fundi alisimama akatazama mawe, akatazama mtumbwi.

"Mzee, nani amekutuma?"

"Ilikuwa imelowa."

"Imelowa." Akakaa kwenye mchanga. "Sasa mtumbwi tunaupeleka wapi, mzee wangu? Jangwani?"

Akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha. Mwenye mtumbwi atakuja kuuchukua, akasema, na akikuta hivi jina linaloharibika ni lake yeye fundi. Niuzibe upya, wote, peke yangu. Mara hii maji yakizidi ya kunawa mikono, nisimwage jasho lingine, nichukue gari la Butiama. Nikaanza kuokota pamba yangu. Nilikuwa nataka kulia, nasema ukweli.

Nikauziba upya. Ukalala majini tena, na safari hii mama watoto alikuwa ananifungia geti kwa ufunguo. Ukakauka, ukapakwa rangi. Pale ufukweni wana desturi: mtumbwi mpya hautoki mpaka aliyeuziba aingie kwanza, akae sakafuni, peku. Nikaingia. Wakanisukuma mpaka nisipoweza kusimama, fundi anapiga kasia. Maji yakaja. Kidogo, chini ya kisigino, baridi. Mikono ikaanza kuwasha itafute ufa. Nikaikalia.

"Yanaingia?" fundi akauliza.

"Yanaingia."

"Mengi?"

Nikasubiri. Mimi, nikasubiri! Nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nikazitunga palepale. Maji yakafika kwenye kidole kidogo, yakabaki pale.

"Yamekoma," nikasema.

Tuliporudi, mwenye mtumbwi alikuwa anangoja na mkewe na watoto, kwao ni kijiji cha rasini. Nilidhani ataukagua, aulize hili na lile. Wapi! Alitupa mizigo ndani, akampa mkono mkewe, akawanyanyua watoto mmoja mmoja akawakalisha sakafuni. Yule mdogo kabisa alikaa juu ya ufa ulionitesa kuliko zote. Wakaondoka.

Nikataka kuwafuata. Nikataka kuwapigia kelele wamrudishe hata huyo mdogo tu. Mama watoto, aliyekuja kushuhudia, alinishika shati kwa nyuma kama unavyozuia ndama. Fundi akaniambia kuna mtumbwi mwingine kesho, nisichelewe, nami nilikuwa natazama kichwa kile kidogo kinavyozidi kuwa kidogo. Miaka yote ya pamba sikuwahi kuogopa hivi, maana sikuwahi kutengeneza kitu cha kukaliwa na mtoto wa mtu. Nilitetemeka pale ufukweni mzee mzima, na sikutaka kazi nyingine yoyote ila hii.