Usajili Unashughulikiwa

Dada yangu hakughushi cheti. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu kuna watu wenye midomo, na nimechoka kugombana nao mmoja mmoja. Alisoma miaka mitatu, akaungua vidole kwa tindikali, akafeli mtihani mmoja na kuurudia. Kilichokuwa bandia ni chuo.

Kilikuwa juu ya duka la mabati, vyumba vinne na darubini mbili. Kila karatasi iliyotoka pale, kuanzia barua ya kujiunga hadi cheti chenyewe, chini ilikuwa na mstari mdogo: "Usajili unashughulikiwa." Siku wakaguzi walipokuja, wanafunzi waliambiwa wavue makoti meupe, wateremke dukani wajifanye wanachagua misumari. Dada alitusimulia jioni ile, tukacheka hadi mbavu zikauma. Nyumba nzima, hakuna aliyejiuliza. Mama alikitia cheti kwenye fremu, akakitundika juu ya televisheni, na mstari ule ukatutazama miaka tisa.

Miaka hiyo tisa Dada alipima damu kwenye maabara ya kliniki moja. Walimwita Macho. Jibu likimtia wasiwasi daktari mwenye kliniki, alisema kioo chenye tone la damu kipelekwe kwa Macho. Hata binti mmoja wa maabara, aliyekuja na diploma yake mpya, ni Dada aliyemfundisha kazi.

Kisha ikatoka sheria kwamba kila mtu wa maabara awe na leseni. Dada alikitoa cheti kwenye fremu, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda. Karani wa baraza linalotoa leseni hakuwa mkorofi. Alipitisha kidole kwenye orodha ya vyuo mara mbili, akamwambia chuo chake hakimo. Dada akaomba apewe mtihani, wowote, hata siku hiyohiyo. Karani akasema mtihani ni wa waliotoka vyuo vilivyosajiliwa. Yeye kisheria hajasoma, aanze mwaka wa kwanza. Tena kuanzia sasa akimpima mgonjwa ni kosa, faini au jela, na kliniki itafungiwa. Mtu wa miaka arobaini na moja, ana watoto watatu, aanze mwaka wa kwanza! Tulimtafuta mkuu wa chuo. Kule juu ya duka sasa wanauza magodoro.

Basi, unga ukamwagika. Daktari alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti anamthamini, eti ni kama ndugu yake, halafu akampa kazi ya usafi. Dada akapiga moyo konde, akaipokea.

Mwezi uliopita mwanangu mdogo alishikwa na homa, ikafika siku ya nne. Nikampeleka pale. Yule binti wa maabara alitazama kioo, akakitazama tena, akasema haoni kitu. Mwanangu alikuwa ananilegea begani. Dada alikuwa koridoni na ndoo yake.

"Dada, angalia tu," nilimwambia. "Huyu ni mwanao."

"Nikiangalia nafungwa. Unalijua hilo?"

Nalijua. Nikamwomba tena.

Akavua glavu za mpira, akanawa, akaingia maabara, akamwambia binti afunge mlango. Aliinama kwenye darubini muda mrefu, roho yangu iko mkononi.

"Hawa hapa," akasema. "Wachache, ila wapo. Malaria."

Binti akatazama, akaona, akajaza fomu. Akaweka sahihi yake na namba yake ya leseni.

Mtoto akaanzishiwa dawa. Daktari alipoisoma ile fomu alitoka hadi koridoni, akampongeza binti mbele yetu sote. "Sasa na wewe umepata macho," alimwambia. Binti akaangalia viatu vyake. Na mimi, mwenye mdomo wangu huu unaogombana na mtaa mzima, nikasema, "Asante, daktari."

Dada akatuomba tusogee kidogo, apige deki pale tuliposimama.